Studio ya chumbani Ilomba kwa milioni moja na laki nne: vilivyonifaa, vilivyonipotezea hela, na mablanketi ya Mwanjelwa

Wakuu salama? Nimekaa na hivi vyombo mwaka mzima sasa, nimerekodia kwaya, madogo wa mtaani wenye biti zao, na mama yangu mkubwa kutoka Tukuyu, kwahiyo naona naweza kuvisema kwa haki. Asiye na muda aondoke na hili: kama upo Mbeya na chumba chako ni cha bati bila dari, sakafu simenti, usianze na maiki ya kondensa, ile nyepesi kusikia inayotaka umeme wake. Tafuta maiki ya dainamiki ya kuimbia mdomo ukiwa karibu, intafesi moja ya ukweli (kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta), hedifoni za kufunika masikio, afu hela inayobaki nenda nayo soko la Mwanjelwa kwenye mablanketi ya mtumba. Mengine yasubiri.

Kilichonisukuma ni hesabu tu. Studio niliyokuwa naenda nilikuwa nalipa laki na nusu kwa wimbo, na ukitaka kurudia ubeti mmoja wiki inayofuata unalipa tena. Nyimbo kumi tayari milioni na nusu na hauna hata waya wa kwako. Yangu nzima imekula 1,400,000, laptopu ikiwemo: laptopu ThinkPad ya mtumba 420,000, intafesi Focusrite Scarlett Solo toleo la tatu niliyoichukua kwa mtu aliyeitumia 280,000, maiki Shure SM58 mpya 350,000, hedifoni Audio-Technica ATH-M20x 190,000, stendi 40,000, waya wa XLR (ule wa maiki wenye pini tatu) 20,000, kile kichujio cha pumzi cha kuweka mbele ya maiki 15,000, mablanketi na mapazia mazito 60,000, mbao na misumari 25,000. Bei zinapanda na kushuka kwahiyo zichukue kama picha tu, hizo ndo nilizolipa mimi.

Nje ya hapo kuna 140,000 niliyoipoteza kabla sijajua ninachofanya, na hiyo ndo inaniuma mpaka leo kwahiyo nitaielezea.

95,000 ya kwanza ilienda kwenye kile kifurushi ambacho kila mtu anakijua, maiki ya BM-800 na kisanduku cha V8 chenye vitufe vya makofi na vicheko, na mkono wa kubana mezani. Kinauzwa kila kona, hakina mwenye nacho, kila kiwanda kinabandika jina lake. Kwa mtu anayeenda laivu kwenye simu sina neno, kinafanya kazi yake. Ila kurekodi wimbo hapana. Maiki ya kondensa kwa kawaida inataka umeme wa volti 48 unaopanda kwenye waya kutoka kwenye intafesi, sasa hiki kifurushi kinakuja na waya wa XLR upande mmoja na upande wa pili kijiti kidogo kama cha earphone, hapo umeme unaofika ni kiduchu, sauti inatoka dhaifu, unaipandisha kwenye kompyuta, na ukiipandisha unapandisha na ule mvumo wa shhhh uliokuwa umelala chini yake. Nilirekodi vokali nne za wimbo mmoja, nilipozipanga pamoja ikawa kama mvua ya manyunyu nyuma ya wimbo mzima. Mwalimu wa kwaya akaniuliza, "Kaka, hii mlirekodia mtoni?"

45,000 nyingine ilienda kwenye SM58 ya bandia. Duka silitaji, ila nilimuuliza muuzaji mara mbili kama ni orijino akaniapia. Sanduku zuri, pochi, kila kitu. Nyumbani sauti imezibwa kama mtu anaimba ndani ya ndoo. Baadaye ndo nikajifunza kwamba SM58 ya kweli ina uzito wa gramu 298, na yangu nilipoipeleka kwenye mizani ya duka la mchele haikufika hata karibu. Sasa hivi mtu akiniomba nimsindikize kununua maiki tunapitia kwanza kwenye mizani, nasema kweli kabisa, mizani ya mchele inasaidia kuliko maneno ya muuzaji. Na bei nayo inaongea, maiki ya laki tatu na kitu haiwezi kuuzwa elfu arobaini na tano, hilo nilitakiwa nilijue. Ya pili nikaagiza Kariakoo kwenye duka linalotoa risiti, ikaja na basi, nikaipima hapohapo stendi kwa mama wa karanga.

Sasa tuje kwenye vyombo vyenyewe.

Scarlett Solo. Hiki kiboksi chekundu ndo moyo wa studio na ndo kitu ambacho sijawahi kukijutia. Kina tundu moja la maiki na moja la gitaa au kinanda, unachomeka USB kwenye laptopu basi, hakina adapta ya umeme, kinakula umeme wa laptopu yenyewe. Mnaoishi huku mnajua maana yake: umeme ukikatika katikati ya ubeti sisi tunaendelea kuimba gizani, laptopu ina betri, kiboksi kinaishi kwenye laptopu. Mara mbili tumemaliza wimbo hivyo na tochi ya simu. Pembeni ya kitufe cha gaini, cha kupandisha sauti ya maiki, kuna duara la taa, kijani uko salama, nyekundu sauti inapasuka, hata mtoto anaelewa. Mimi nawaambia waimbaji waimbe ile sehemu yao ya juu kabisa, ya kupiga kelele, naweka gaini mpaka kwenye programu inagota kwenye kama desibeli -12 hivi na ikizidi sana -6 (sifuri ndo inapopasuka), afu siigusi tena. Kwa sababu inarekodi kwa biti 24 (kipimo cha undani wa sauti ya kompyuta, sio biti za muziki) hauna haja ya kuibana sauti ifike juu, ukirekodi chini kidogo haupotezi kitu, ukirekodi ikapasuka hakuna fundi wa kuitengeneza.

Malalamiko yangu mawili kwa Solo. La kwanza gaini yake inaishia desibeli 56, na SM58 ni maiki inayotoa sauti ndogo, kwahiyo mwimbaji wa sauti laini unakuta kitufe umekizungusha mpaka karibu na mwisho. Inatosha, ila imetosha kwa kubana, na kama mwimbaji anasimama mbali haitoshi. La pili ni hilo tundu moja la maiki. Kwaya ya watu kumi na wawili siwezi kuwarekodi pamoja na maiki mbili, inabidi niwaingize mmojammoja au wawili wawili, sauti ya kwanza, ya pili, teno, besi, na inachukua siku. Mwenye kujua tangu mwanzo kwamba atarekodi watu wawili kwa wakati mmoja aongeze hela achukue Scarlett 2i2 yenye matundu mawili. Na ambaye hata hiyo laki mbili na themanini hana, kuna Behringer UM2, hiyo inaishia 48kHz (vipimo elfu 48 vya sauti kwa sekunde) na ni ya bei ya chini, lakini volti 48 inatoa na tundu la XLR inalo, jamaa yangu wa Uyole anaitumia na nyimbo zake zinachezwa kwenye bajaji mji mzima. Kwa anayeanza tofauti ya hizo mbili ni ndogo kuliko tofauti ya chumba chenye blanketi na chumba kisicho nalo.

Kuhusu kuchelewa kwa sauti, ile unaimba afu kwenye hedifoni unajisikia baadaye kama mwangwi: nimeona watu wengi wanalaumu maiki au laptopu, kumbe ni bafa, yaani kile kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kabla ya kukifanyia kazi. Ukiiweka bafa 128 kwenye 44.1kHz ni kama milisekunde 3, ukiiweka 512 inakuwa kama 12, na hapo bado safari ya kuingia na kutoka haijajumlishwa, lazima mwimbaji atachanganyikiwa. Lakini ukiishusha sana na laptopu yenyewe ni ya zamani inaanza kukatakata. Solo ina swichi ya kujisikiliza moja kwa moja bila kupita kwenye kompyuta, ninayoitumia ni hiyo, bafa naiacha 256 na nazima wifi wakati wa kurekodi. Sijakatikiwa tena. Weka draiva ya Focusrite wenyewe, usikae na ile inayokuja na Windows.

Kitu kingine, mkisikia mvumo wa mmmm wa chini kwenye rekodi chomoeni chaja ya laptopu kwanza kabla hamjamlaumu mtu. Nyumba yangu ya kupanga soketi hazina waya wa ardhini wa maana, nikichomeka chaja mvumo unaingia, nikichomoa unaondoka. Kwahiyo nachaji mpaka ijae, narekodi kwa betri, tukila chapati nachaji tena.

Chumba sasa, hapa ndo penye kazi na hapa ndo watu wengi hawataki kuweka hela.

Nimepanga Ilomba, sio mbali na barabara kuu ya Tunduma, malori ya Zambia yanapita usiku na mchana. Ukuta wa tofali la kuchoma uliopigwa plasta, sakafu simenti, juu bati tupu. Ukipiga makofi mara moja chumba kinakujibu. Nilianza na trei za mayai ukutani kama nilivyoona kwa wengine, nikakusanya trei themanini kwa mama wa chipsi, nikabandika siku nzima. Hazikufanya kitu cha maana. Ni karatasi nyepesi, zinapunguza kidogo sauti kali za juu basi, na kelele ya nje zinaiacha ipite kama kawaida. Kama unazo bandika mlango wa kuku, usizitegemee.

Kilichofanya kazi ni uzito. Huku kwetu baridi ya Juni na Julai inatufanya tuwe na mablanketi mazito kila nyumba, na Mwanjelwa mtumba wa mablanketi na mapazia ya kizungu yale mazito haukosekani. Nilichukua sita, nikamwita fundi seremala akanipigia fremu tatu za mbao za kusimama, urefu kunizidi mimi, tukatundika blanketi mbili mbili. Zinasimama kama U nyuma ya mwimbaji na pembeni yake, na juu kuna pazia limelazwa toka fremu hii mpaka ile. Jambo muhimu, blanketi lisigande kwenye ukuta, liache nafasi ya shubiri moja hivi, linakula sauti zaidi likiwa limeachana na ukuta kuliko likiwa limebandikwa. Na mwimbaji anaangalia nje ya U, mgongo ndo unaelekea kwenye blanketi, kwa sababu maiki inasikiliza upande wa mbele yake, yaani inamtazama mwimbaji na kile kilicho nyuma ya mwimbaji. Watu wanaweka blanketi nyuma ya maiki afu nyuma ya mwimbaji wanaacha ukuta mtupu, nimefanya hivyo mwezi mzima mimi mwenyewe. Godoro la wageni nalo nimeliegemeza kwenye kona.

Hapa nirudi kwenye hoja ya dainamiki maana kuna maneno yanazunguka kwamba dainamiki haisikii kelele. Sio hivyo haswa. Kinachofanya kazi ni ukaribu. Sauti ya mdomo wako inapungua kwa desibeli kama 6 kila ukizidisha umbali mara mbili, ila kelele ya chumba yenyewe inabaki palepale popote ulipo. Sasa mtu akiimba sentimita 40 kutoka kwenye maiki, afu akasogea mpaka sentimita 5, hapo umbali umekatwa nusu mara tatu, amepata desibeli kama 18 za sauti yake dhidi ya chumba, bure, bila kununua kitu. SM58 imetengenezwa kwa ajili ya kuimbwa mdomo ukiwa umegusa karibu, inavumilia pumzi na kelele za p na b, ipo hivyo tangu 1966. Kondensa kama AT2020, ambayo naipenda sana na nimeazima kwa rafiki wa Soweto ya hapa Mbeya wiki nzima, ukiisogelea hivyo inapasuliwa na pumzi kwahiyo unarudi nyuma, na ukirudi nyuma unaleta bati, kuku wa jirani na lori la Zambia ndani ya wimbo. Kwenye chumba kizuri inaiacha SM58 mbali kwa uwazi wa juu, hilo nalikubali kabisa. Tatizo ni chumba changu.

Ukaribu una gharama yake, besi inavimba ukiwa karibu sana, mwanaume mwenye sauti nzito anageuka kuwa mtangazaji wa matanga. Nakata chini ya 100Hz kwenye programu, inakaa sawa.

Mama mkubwa ndo aliyenithibitishia. Alikuja Pasaka, anaimba nyimbo za Kinyakyusa za kanisani za zamani na zingine za shambani ambazo sijawahi kuzisikia kwa mtu mwingine, na umri umeenda. Nilijaribu kwanza na ile kondensa ya kuazima saa kumi jioni, nikapata sauti yake na redio ya jirani na jogoo. Nikamwomba tusubiri usiku. Saa tano malori yamepungua, nikamkalisha kwenye kiti ndani ya yale mablanketi, SM58 mbele ya mdomo, hedifoni akazikataa nikamwacha. Akasema, "Mwanangu mbona unanifunika kama mwenye homa?" Nikamwambia mama hii ndo nyumba ya sauti. Aliimba saba mfululizo bila kusimama. Nilipomchezea akakaa kimya, akaomba tena ule wa tatu, akasema "ndaga fijo", yaani asante sana, kwa sauti ya chini sana. Ile rekodi ina sauti ya upepo kidogo kwenye bati mahali pamoja na sitaitoa. Haina redio, haina jogoo, pumzi yake unaisikia kabla ya kila mstari. Kwa hizo nyimbo saba tu, milioni na laki nne yangu imerudi.

Programu. Natumia Reaper. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili kila kitu, leseni ya watu kama sisi ni dola 60, na ni nyepesi mno, kuipakua haimalizi hata bando la siku, laptopu ya zamani inaibeba bila kuhema. Sura yake ni kavu, na biti hazimo ndani, unajitafutia mwenyewe vyombo vya kupigia. Wengi mnatumia FL Studio na kwa kutengeneza biti siwezi kuwaambia muiache, ukishainunua masasisho ni ya maisha, ila jueni mambo mawili kabla hamjalipa: ile ya kujaribu haifungui tena kazi uliyoihifadhi, na ile leseni ya bei ya chini kabisa ya Fruity hairekodi sauti ya maiki, kwa kuimba unahitaji Producer. Kuna dogo alinunua ya chini akaja kwangu amenuna. Audacity ni ya bure na kwa kurekodi mahubiri inatosha. Za krak sizitaki kwenye laptopu yangu, nilipoteza kazi za miezi mitatu za watu kwa kirusi kilichokuja na programu ya bure, na kumwambia mtu wimbo wake haupo tena ni jambo baya sana.

Laptopu nitasema kwa kifupi: i5, RAM 8GB, na lazima SSD, kama ina diski ya kuzunguka ibadilishe kabla hujafanya kitu kingine chochote. Wimbo wa dakika nne wenye sauti ishirini kwa biti 24 unakula kama MB 640, kwahiyo nunua na diski ya nje uhifadhie mara mbili. Jueni pia Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 2025 na laptopu nyingi za mtumba za bei hii haziruhusiwi rasmi kupanda Windows 11. Mimi hii ya studio siivinjarii mtandaoni, inarekodi tu.

Spika za studio sina bado. Namiksi kwa hedifoni, ATH-M20x zimefungwa vizuri, sauti haivuji kuingia kwenye maiki, ila besi yake inadanganya kidogo kwahiyo kila miksi naipeleka kwenye sabufa ya sebuleni, kwenye simu, na kwa dereva wa bajaji wa hapa njiapanda ambaye ananichezea bila kunung'unika. Kwenye bajaji vokali ikisikika umefaulu. Hedifoni za bluetooth msimiksie, zinachelewesha na zinabana sauti. Na msiminye wimbo mpaka upige kelele mkidhani YouTube itawapigia kwa nguvu zaidi, wao wanaushusha wenyewe mpaka kwenye -14 LUFS hivi (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima), unabaki umeua ngoma zako bure.

Ambacho sijakitatua ni bati. Mvua zikianza Novemba mpaka Aprili huko hakuna blanketi wala maiki ya kuokoa, ikigonga tunazima tunakaa tunapiga stori. Nimeanza kuweka akiba ya dari. Kwa sasa kazi za sauti nazipanga kuanzia Mei, na mama mkubwa ameshasema akimaliza mahindi yake anakuja tena mwezi wa saba, amekumbuka nyimbo nyingine nne na ameagiza safari hii mablanketi yafuliwe kwanza.